Uchambuzi wa kisa: Tasnifu ya sheria ya kale ya Uskoti iliyosimama juu ya sentensi moja

Kisa hiki kinamhusu mtafiti wa historia ya sheria ya Uskoti ya zama za kati, ambaye nilikuwa mshauri wake tangu alipoanza uzamivu hadi alipopata ajira ya kudumu. Ameusoma uchambuzi huu na ameridhia utoke. Nimeondoa jina lake, vyuo, miaka na mada mahususi ya tasnifu, na hata sentensi iliyozua mambo yote sitainukuu, kwa sababu uwanja wenyewe una watu wachache mno: ukitaja sura moja tu, wenye fani watamjua mara moja. Nitamwita Mtafiti. Ninawaandikia vijana wa sheria na wa historia wanaofikiria kuingia katika matini za kale, pamoja na wasimamizi wao.

Usuli

Mtafiti alikuwa na shahada ya sheria, hakusomea historia. Kilichomvuta ni somo la sheria ya mali. Hadi tarehe 28 Novemba 2004, mwenye nyumba au shamba Uskoti aliweza kuwa chini ya bwana wa ardhi aliye juu yake, naye bwana huyo chini ya mwingine, ngazi kwa ngazi mpaka kwa Mfalme. Siku hiyo ndipo sheria iliyopitishwa mwaka 2000 ilipoanza kutumika na kuufuta mfumo huo wa kikabaila. Mwanafunzi anayesoma mambo haya darasani hujiuliza ngazi hizo zilijengwa lini, na nani aliyekuwa akiamua pale mtu aliponyang'anywa ardhi yake katika karne ya 13 au ya 14. Mtafiti alijiuliza, kisha akaamua kulitafuta jibu mwenyewe.

Tatizo la kwanza la yeyote anayeingia huku ni uhaba wa kumbukumbu. Mwaka 1296 mfalme Edward I wa Uingereza aliivamia Uskoti na kuchukua nyaraka za ufalme. Karne kadhaa baadaye majeshi ya Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza, yalichukua nyingine. Zilipokuwa zinarudishwa kutoka London mwezi Desemba 1660, meli moja, Elizabeth, ilizama nje ya pwani ya Northumberland na shehena yake ya karatasi na ngozi. Kumbukumbu za mahakama za kabla ya karne ya 15 ni haba kweli kweli. Kilichosalia ni hati za ardhi, sheria chache za wafalme na mabunge, na vitabu ambavyo wanasheria wenyewe walinakili kwa mkono kwa ajili ya kazi zao.

Kikubwa kati ya vitabu hivyo ni Regiam Majestatem, kinachoitwa hivyo kwa sababu ya maneno yake ya kwanza ya Kilatini. Mapokeo yalikihusisha na mfalme David I, aliyetawala kati ya 1124 na 1153. Haiwezekani. Sehemu kubwa ya kitabu imechukuliwa kutoka katika kitabu cha sheria ya Uingereza kijulikanacho kwa jina la Glanvill, kilichoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1180, na ndani yake mna sheria ya mfalme Robert I ya mwaka 1318. Kwa hiyo ni kazi ya karne ya 14. Mwanasheria Thomas Craig alikikataa mapema katika karne ya 17, akisema si sheria ya Uskoti. Mwanasheria mwingine, Stair, katika kitabu chake kikuu cha 1681, naye akakiweka kando. Sir John Skene ndiye aliyekitetea, akakichapa mwaka 1609 kwa Kilatini na kwa Kiskoti, na chapa yake ndiyo iliyobaki mikononi mwa wanasheria kwa vizazi vingi.

Toleo ambalo Mtafiti alilikuta mezani kwa msimamizi wake ni lile la 1947, lililoandaliwa na jaji Lord Cooper kwa ajili ya Stair Society, chama cha wanahistoria wa sheria ya Uskoti kilichoanzishwa mwaka 1934. Jalada lenyewe linasema kwamba toleo limejengwa juu ya matini ya Skene. Maneno hayo ndiyo kiini cha kisa hiki, ingawa watu wengi huyapita wakikimbilia yaliyomo.

Mtafiti alikuwa na wasimamizi wawili, mmoja wa sheria na mwingine wa historia. Ufadhili wake ulikuwa wa kawaida kwa Uingereza, miaka mitatu na kidogo.

Mambo yalivyokwenda

Mwaka wa kwanza uliliwa na Kilatini na kusoma vitabu vilivyochapwa. Mtafiti aliyalinganisha maandishi ya Regiam na ya Glanvill aya kwa aya, kazi ya kuchosha, akaiona sentensi moja iliyohusu hatua ya sherifu, yaani ofisa wa mfalme katika eneo lake, baada ya kupokea hati ya mfalme. Hati hizo zilikuwa amri fupi za maandishi zilizofungua kesi: sheria ya 1318 ilikuwa imetamka kwamba mtu asiondolewe katika ardhi yake huru bila hati ya mfalme. Sentensi ile haikuwamo katika Glanvill. Hoja ikajengeka yenyewe: kama haikutoka Uingereza basi ni ya Waskoti, na kama ni ya Waskoti basi inatuonyesha sherifu wa karne ya 14 alivyofanya kazi.

Mwaka wa pili hoja hiyo ikawa sura ya tasnifu, kisha mada ya kongamano iliyopokelewa kwa furaha, kisha makala. Jarida likaikubali makala hiyo baada ya marekebisho madogo. Kwa mwanafunzi wa uzamivu hilo ni jambo kubwa, na wasimamizi wote wawili walimpongeza.

Mwaka wa tatu mhariri wa jarida akaomba tanbihi moja ikamilishwe kwa namba za kurasa za miswada ya awali, yaani zile nakala za kitabu zilizoandikwa kwa mkono. Mtafiti akaenda Edinburgh, Maktaba ya Taifa ya Scotland, akiamini ni kazi ya siku moja au mbili.

Asiyewahi kuisoma miswada hii anaweza kudhani ni suala la kufungua kurasa. Chumbani huruhusiwi kalamu ya wino. Unaingia na penseli. Kitabu hulazwa juu ya mito ya sponji ili mgongo wake usivunjike, na kurasa huzuiwa kwa kamba nzito. Maandishi ya wanakili wa zama hizo yana vijiti vya wima vinavyofanana, hivi kwamba neno la Kilatini kama *minimum* ni vijiti 15 mfululizo, na jicho ndilo linaloamua kipi ni m na kipi ni n. Juu ya hayo, maneno yamefupishwa. Cheo cha sherifu huandikwa herufi tatu na alama ya mkato, na mwisho wa neno unaoeleza kama sherifu ndiye anayetenda au ndiye anayetendewa umeachwa kwa msomaji. Mtafiti alikuwa amejifunza kuyasoma haya kwa kozi fupi tu ya majira ya joto.

Alianza na mswada uitwao Bute, wa mwishoni mwa karne ya 14. Sentensi haikuwamo. Mnakili alikuwa ametoka kifungu kimoja kwenda kingine bila nafasi na bila dalili ya kufuta. Akadhani amekosea kurasa, akarudia. Akafungua mswada wa karne ya 15, nao hivyo hivyo. Katika mwingine wa karne hiyo hiyo aliikuta, lakini ilikuwa pambizoni, kwa mwandiko wa mtu mwingine na wino wa kahawia uliofifia kuliko ule wa ukurasa, na alama ndogo ya msalaba ikionyesha mahali inapopaswa kuingia. Katika mswada wa baadaye ilikuwa imeshaingia katikati ya maandishi, mwandiko mmoja na wino mmoja na mistari iliyoitangulia, kana kwamba imekuwepo siku zote. Huko ndiko ilikofuata njia yake hadi kwa Skene, na kutoka kwa Skene hadi kwenye toleo la 1947.

Alinipigia simu jioni hiyo. Nilimuuliza jambo moja tu: je, makala imeshachapwa? Akasema bado.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu makala. Msimamizi mmoja alishauri iongezwe tanbihi: sentensi haipo katika baadhi ya miswada. Ushauri huo haukuwa wa udanganyifu, na makala ingetoka. Mwingine alisema ingoje kwanza. Mtafiti aliamua kuiondoa kabisa, akamwandikia mhariri barua fupi yenye sababu kamili na picha ya pambizo. Sababu aliyonieleza naiheshimu hadi leo. Wasomaji wa makala yake wangekuwa zaidi wanasheria, na wanasheria hawafungui miswada; wangelinukuu hitimisho na kuiacha tanbihi. Sentensi iliyopenya kutoka pambizoni hadi chapa ya 1609, na kutoka hapo hadi ya 1947, ingepewa uhai mwingine kwa mkono wake.

Gharama ilikuwa ya kweli. Aliingia katika soko la ajira bila makala, wakati wenzake walikuwa na moja au mbili.

Uamuzi wa pili ulihusu tasnifu. Njia zilikuwa tatu. Angeweza kuifuta sura na kubaki na tasnifu nyembamba. Angeweza kutafuta ushahidi mwingine wa hoja ile ile kutoka katika hati za ardhi, akitumaini utapatikana kabla fedha hazijaisha. Au angeweza kugeuza swali: badala ya kuuliza sherifu wa karne ya 14 alifanya nini, aulize kwa nini mwanasheria wa karne ya 15 aliona haja ya kuongeza maneno katika kitabu kilichodhaniwa kuwa cha mfalme wa kale. Alichagua ya tatu, na hapa ndipo ubunifu wake ulipojitokeza. Mwaka 1426 bunge la James I liliteua watu sita kutoka kila moja ya matabaka matatu ya bunge, yaani wakuu wa kanisa, makabaila na wawakilishi wa miji, ili wavichunguze vitabu vya sheria, Regiam kikiwemo kwa jina, na kuvirekebisha. Kumbe Waskoti wenyewe walijua kwamba kitabu chao kinahitaji kutengenezwa. Pambizo lile halikuwa tena tatizo la kufichwa. Lilikuwa ushahidi wa watu waliokuwa kazini.

Pamoja na hilo alipunguza eneo kwa ukali. Hakujaribu kulinganisha Regiam nzima, kazi iliyowashinda watu wenye muda na fedha kuliko yeye. Alichukua sura zinazohusu hati za mfalme peke yake, katika miswada michache iliyochaguliwa kwa umri na kwa uhusiano wa nakala. Kama kipimo cha nje alitumia mkusanyo wa mifano ya hati hizo uliomo katika mswada wa Ayr, wa karne ya 14, unaotunzwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka hapo hapo Edinburgh. Mifano ile ilimwonyesha hati zilivyoandikwa, bila kupitia Regiam.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa ajira, nao aliuchelewesha hadi ukamkuta. Je, yeye ni mwanasheria au mwanahistoria? Aliomba kazi pande zote mbili kwa barua zinazofanana.

Matokeo

Ufadhili uliisha kabla tasnifu haijakamilika. Aliomba kuongezewa muda wa kuwasilisha, akakubaliwa, na katika kipindi hicho alijikimu kwa kufundisha vikundi vidogo vya sheria ya mali. Utetezi ulikwenda vizuri. Mtahini wa nje alimbana kwa muda mrefu juu ya swali moja, kwa nini miswada hii na si ile, na majibu yalikuwepo. Alipita kwa marekebisho madogo.

Idara za historia zilimkataa karibu kwa namna moja: zilitaka mtu anayeweza kufundisha Ulaya ya zama za kati kwa upana, kuanzia vita vya msalaba hadi tauni, naye alikuwa na Uskoti na mahakama zake. Skuli za sheria zilimuuliza swali jingine: ukumbi umejaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, utawafundisha nini? Safari ya kwanza alijibu kwa kueleza utafiti wake, asipate. Safari iliyofuata alijibu kwamba atafundisha sheria ya mali, akaeleza namna ambavyo mwanafunzi hawezi kuelewa kilichofutwa mwaka 2004 bila kujua kilivyojengwa. Hapo akapewa mkataba wa muda. Baadaye akapata ufadhili wa utafiti wa miaka mitatu, kisha ajira ya kudumu katika skuli ya sheria. Makala aliyoiondoa ilitoka hatimaye, ndefu kuliko ya kwanza na juu ya swali tofauti.

Hayakurudi yote. Mpango wake wa awali wa kuandika juu ya mahakama za karne ya 13 umebaki kwenye daftari, na ile miaka ya mikataba mifupi ilimfanya aishi mbali na familia yake kwa mshahara mdogo.

Uchambuzi

Naanza na kosa la kimantiki, maana ndilo mzizi na linawapata wengi. "Haimo katika Glanvill, basi ni ya Kiskoti" ni hoja yenye milango miwili tu, wakati nyumba ina mitatu. Mlango wa tatu ni wakati. Maneno yanaweza kuwa ya Kiskoti kabisa na bado yawe yameingia miaka mia baadaye. Kitabu cha sheria kilichonakiliwa kwa mkono kina tabaka, na chapa hulaza tabaka zote katika ukurasa mmoja, kwa herufi za ukubwa mmoja. Kwa wasomaji wa Tanzania naongeza neno hapa: Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linapotajwa mahakamani kama mila ya wazee, swali ni hilo hilo. Nani aliiandika, lini, na kabla ya kuandikwa ilikuwaje?

Kuna upande wa pili wa kosa hilo: maandishi kuendelea kunakiliwa si uthibitisho kwamba yalikuwa yakitumika. Mfano mzuri ni sheria za fidia zilizojulikana kama za Wabritoni na Waskoti, ambazo zilipanga thamani ya damu kwa ng'ombe: mfalme ng'ombe 1000, mtu wa cheo cha *thane* ng'ombe 100, mkulima wa kawaida 16. Edward I alizipiga marufuku mwaka 1305. Wanakili waliendelea kuzinakili katika vitabu vyao vizazi kadhaa baadaye. Anayehesabu nakala na kudhani anahesabu matumizi atapotea.

Kwa upande wa usimamizi, kasoro ilikuwa wazi na haikuwa ya mtu mmoja. Msimamizi wa sheria alidhani yule wa historia ameshauliza habari za miswada. Wa historia alidhani mwanafunzi wa sheria anatumia toleo linalokubalika katika sheria. Kila mmoja alifanya kazi yake, na swali likaanguka katikati. Usomaji wa miandiko ya kale ulikuja umechelewa, tena kama jambo la ziada. Kwa maoni yangu, mtu anayeandika tasnifu juu ya matini ya zama za kati anapaswa kukaa na mswada mmoja mzima katika mwaka wa kwanza, hata kama hautaingia katika tasnifu. Ni hapo jicho linapozoea pambizo.

Shinikizo la kuchapisha mapema nalo lilichangia. Makala ilikubaliwa kabla mwandishi hajaiona sentensi yake katika mswada kwa macho, na wasomaji wa jarida waliopitia hawakuliuliza hilo. Siwalaumu; walisoma hoja, na hoja ilikuwa imepangwa vizuri.

Kilichomwokoa hasa ni tabia moja aliyokuwa nayo tangu mwanzo, na ningependa kila mwanafunzi aige. Katika jedwali lake la kazi, kila nukuu ilikuwa na safu ya mwisho yenye herufi moja: M kama ameiona katika mswada, C kama ameisoma katika chapa. Siku alipogundua tatizo, aliichuja safu ile na kujua kabla ya wiki kwisha ni aya zipi za tasnifu zimesimama juu ya C peke yake. Zilikuwa chache kuliko alivyoogopa. Bila jedwali hilo angelazimika kuitilia shaka kila sura, na sidhani angemaliza.

Kupunguza eneo kulifaulu kwa sababu kulifanyika mapema na kwa vigezo vilivyoandikwa. Ndiyo maana mtahini wa nje alipobana, palikuwa na jibu.

Juu ya ajira, kuchelewa kuchagua kulimgharimu zaidi ya kukosa makala. Barua ile ile iliyopelekwa kwa wanahistoria na kwa wanasheria haikumridhisha yeyote. Historia ya sheria ina nyumba mbili, lakini mshahara unatoka katika moja, na nyumba hiyo inataka kujua utabeba mzigo gani wa kufundisha. Hili linajulikana tangu siku ya kwanza, na mshauri na mwanafunzi wanaweza kulizungumza mwaka wa kwanza bila kumfunga mtu.

Limebaki suala la namna ya kuiandika makala iliyoondolewa. Tulijadiliana sana kama iwekwe kwenye wasifu. Wapo waliosema inyamaziwe, kwa kuwa haikuchapwa na hakuna atakayeuliza. Katika ombi la ufadhili wa miaka mitatu Mtafiti aliitaja kwa mistari miwili: makala ilikubaliwa, niliiondoa, sababu ni hii. Jopo liliuliza juu ya mistari hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na nusu ya mahojiano ikapita yeye akiwaeleza juu ya wino wa kahawia na msalaba mdogo wa pambizoni, na jinsi anavyokusudia kuutafuta mwandiko huo katika miswada mingine.